Mabua ya Katilu

Lodwar, 12 Januari 2025

Mwanangu Lotiir,

Ejok? Mimi mzima, ila magoti yananisumbua. Huko Kakuma mnalalaje na joto hilo?

Mdogo wako Ekidor amenipigia simu kutoka Katilu akilia. Anasema lori la mtambo wako, ule wa kutengeneza stima kwa gesi ya mabua na samadi, linazoa mabua yote ya mtama. Tangu enzi za babu yako, mavuno yakiisha wakulima hutufungulia mashamba, mbuzi wetu wanakula mabua, nasi tunawapa maziwa. Kiangazi hiki hakuna jani lingine. Au kazi imekusahaulisha harufu ya zizi? Mwachie Ekidor japo mashamba mawili. Mbuzi hao ndio waliokusomesha.

Mama yako

Kakuma, 20 Januari 2025

Mama mpendwa,

Ejok? Pole kwa magoti. Mimi niko salama, ingawa usingizi umenikimbia.

Hapa ofisini mabua yanaitwa taka. Lakini taka hizo ndizo zinazowasha taa za wodi ya wazazi hapa kambi ya wakimbizi. Kabla ya mtambo, mkunga wetu Achan alizalisha akishika tochi ya simu kwa meno. Nikipunguza mabua, atarudi kulekule. Nivumilie mpaka mvua. Mbuzi wetu ni wagumu.

Mwanao

Kakuma, 26 Februari 2025

Mama,

Hujambo? Mbona kimya? Simu ya Ekidor haipatikani.

Gesi imekwisha. Mabua peke yake hayachachi vizuri bila samadi, na wafugaji waliotuletea samadi wamehama kutafuta malisho. Wodi ina giza tena. Nilidhani nachagua kati ya stima na mbuzi, kumbe bila mbuzi hata stima hakuna. Leo nimerudisha lori Katilu likiwa limejaa. Mwambie Ekidor awalishe washibe. Nisamehe, Mama.

Mwanao

Katilu, 9 Machi 2025

Mwanangu,

Tuko hai, tunamshukuru Mungu. Nimekuja huku kwa Ekidor. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, tena mikono ilikuwa na kazi ya kuchuna ngozi za mbuzi waliokufa.

Lori lilifika. Dereva aliuliza ayashushe wapi mabua ili mbuzi wasiyakanyage. Ekidor akamwambia, "Popote." Halafu akaenda kukaa peke yake.

Nimekataza yasishushwe. Nimemwambia dereva apakie na samadi yote ya zizini. Wanawake wanaozaa gizani hawana kosa. Mwashie Achan taa. Ila samadi hiyo uitumie polepole, Lotiir, maana zizi letu halitatoa nyingine.

Mama yako