Upindo wa Kukulia

11 Februari

Kwa kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu na za mwanao. Sisi wazima, ila magoti yangu yananisumbua, na Kijino ameng'oka jino la pili, akicheka unaona hadi kooni. Mikono yako imepona ile mipasuko ya sabuni?

Usinipigie tena simu. Nabii amesema tumkabidhi simu zote, nami nimekabidhi yangu. Siku yenyewe ya kunyakuliwa ni tarehe 9 Machi. Nimepewa kazi kubwa, mwanangu: majoho meupe ya waumini wote, wakubwa kwa watoto. Hayana mifuko, maana hatuendi na kitu. Watoto nawasimamisha juu ya kile kigoda nilichokuwa nakupimia wewe.

Jiandae huko huko uliko.

Mama yako


24 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imenifikia, nimeinusa kwanza ndipo nikaisoma. Mikono bado. Mashuka ya hospitali hayaishi, na dawa yao inaunguza hata ukivaa glavu.

Naomba nikuulize bila kukukosea adabu. Nabii huyo si yule fundi rangi aliyepaka geti letu, likabanduka kabla mwezi haujaisha? Mwaka juzi alisema moto utashuka. Ulipogoma kushuka, akasema umeshuka kiroho. Mwaka jana ikawa gharika, mkashinda juu ya paa siku nzima na jua kali. Geti limemshinda, dunia ataiweza?

Nacheka, lakini naogopa. Mpeleke Kijino kwa mama mdogo hadi mkataba wangu uishe. Pasi yangu ya kusafiria tajiri ameifungia kabatini, la sivyo ningekuwa njiani sasa hivi.

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Uzima tunao. Usinicheke.

Tulisimama ukumbini tangu alfajiri, madirisha yamebandikwa karatasi. Adhuhuri ikafika. Nje akapita muuza mafagio, ananadi kama siku zote. Kijino akaniomba maji, nikamwambia avumilie. Jua lilipoanza kuzama, Nabii alishuka jukwaani akapita katikati yetu, akainama, akageuza joho la mtoto wa fundi wa kuchomelea. Akaona upindo.

Sikukusudia, mwanangu. Miaka arobaini nashona, na nguo ya mtoto naiachia vidole vinne ndani ili aongezewe akikua. Mkono ulifanya wenyewe. Majoho yote ya watoto yako hivyo. Nabii akaniita mbele za watu akasema, "Umewashonea mwaka kesho. Siku imefika mlangoni, imeona, imerudi."

Tangu hapo watu wamenipa mgongo. Mama wa wale mapacha akiniona anavuka barabara. Na mimi nikifumba macho naiona hiyo siku imesimama mlangoni, haina uso, inanitazama mimi tu. Ni mimi niliyewazuia watu wote.

Nabii amepewa tarehe nyingine, 30 Mei. Nitakata pindo zote kwa mkono wangu. Kisha tutafungiwa ukumbini siku tatu, hakuna chakula wala maji, watoto pia.

Mama yako


28 Machi

Mama, shikamoo, na pole.

Hujazuia siku yoyote. Hakuna kilichofika mlangoni isipokuwa muuza mafagio. Huyo mtu ameaibika, akatafuta wa kumbebesha aibu yake, akakuona wewe.

Mkono wako ulijua hao watoto watakua, hata kichwa kilipokataa. Ufuate mkono, Mama. Usikate. Mimi nafua mashuka ya wodi ya watoto, najua yanavyorudi. Mtoto hawezi siku tatu bila maji.

Nakupigia magoti. Mtoe Kijino humo.

Mwanao


21 Mei

Mama,

Hii ni ya tatu, hata ile ya Aprili hujaijibu. Nimemlilia tajiri anipe pasi kabla ya tarehe 30, nikamweleza kila kitu. Akacheka, akasema, "Dunia itakuwepo tu, dada, rudi kwenye mashine." Alisema kweli, na ndiyo inayoniua.

Niandikie hata mstari mmoja. Nimwone mwanangu kwenye maandishi yako.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Kijino yuko hapa kwa mama yako mdogo. Anakula, anagombana na kuku, mzima. Nimeanza na hilo upumue.

Barua zako zote nilizisoma. Sikujibu kwa sababu nilikuwa nakata. Watoto ishirini na saba. Mama zao waliwasimamisha juu ya kigoda mmoja mmoja, nami nikakata upindo, huku wananishukuru. Mama wa mapacha alinishika mkono akasema tumesameheana. Nilikata ishirini na sita. Wa mwisho alikuwa Kijino. Akapanda kigodani, akatazama chini akaniuliza, "Bibi, ukikata, mwakani nitavaa nini?"

Mkasi ukanikatalia. Nikaaga kwamba tunakwenda kununua uzi. Tulitoka mchana kweupe, tumeshikana mikono, na wale akina mama walikuwa wameketi kibarazani wanasukana nywele. Nilipita mbele yao. Niliwasalimu. Sikumwambia hata mmoja.

Polisi walivunja mlango siku ya nne. Nabii hakuwemo, anatafutwa. Watoto kumi na mmoja hawakuamka.

Wengine nyuso zao hazitambuliki kwa urahisi, na wazazi walionusurika hawawezi hata kusimama. Kwa hiyo polisi wameniita mimi, niwatambue kwa majoho. Nitawajua, mwanangu. Kila joho najua nilimshonea nani, na vipande vya pindo vyote nimevileta hapa kwenye mfuko. Kila kipande kitakaa mahali kilipokatwa. Nakwenda kesho asubuhi, na daftari la vipimo.

Ile siku haisimami tena mlangoni. Wanaosimama ni wao, wananisubiri niwapime.

Uliniandikia kwamba mkono wangu ulijua. Usilirudie hilo tena, nakuomba. Ulijua, na ndio huo huo uliokata.

Kijino anasema ukirudi utamkuta mrefu. Nguo zake tuliziacha, hana nyingine, kwa hiyo jana lile joho nimelitia rangi ya buluu, nikafungua upindo vidole viwili. Limemkaa vizuri. Viwili vingine nimemwachia.

Mama yako