Bya Mapasa Binanunuliwa Bibili

Mbuyi,

Ni mi, Kabanga. Usiseme nimechelewa kuandika. Wewe njo ulikimbia, hapana mi. Ulitangulia kutoka mu tumbo ya Mama, ukatangulia kwenda, na katikati pale ulinisumbua miaka yote eti wewe ni yaya, mukubwa yangu. Yaya ya dakika ngapi, we mutu? Basi tulia uko, nikuelezee mambo ya huku. Haiko mizuri.

Nilinunua telefone mupya. Moja.

Najua hii neno ya mwisho itakuumiza, njo maana naanza nayo, isikukute katikati ya barua.

Sheria ya Mama unaijua: bya mapasa, bya pacha sawa sisi, binanunuliwa bibili. Mayai mbili, kaptula mbili za kitambaa moja, viboko pia mbili, hata kama mwenye kosa ni wewe peke yako. Unakumbuka siku shangazi alitoka Kasaji na kofia moja tu? Mama alimushukuru vizuri, akachukua makasi, akaikata katikati mbele ya macho yake. Tukavaa nusu-nusu, batoto bote ba mutaa yetu ya Musonoi bakatucheka mpaka jioni. Wewe ulikuwa unacheka kuliko bao. Mama alisema ukimupatia mumoja na kumunyima mwenzake, mwenye alinyimwa atakasirika, atarudia kwenye alitoka. Mapasa beko na roho ya karibu, habachezewe.

Njo maana kisha sisi kupata diplome alitununulia zile telefone mbili nyeusi, sawasawa kabisa. Wewe ukakwaruza M nyuma ya yako na musumari, juu ulisema mi ni mwizi. Na ulisema tena, ukiigeuza-geuza mu mukono: "Jiwe ya batri inatoka Kolwezi bila kuaga, inarudia telefone ndani ya karto, inatuomba makuta ya kuinunua." Ile maneno yako bado naisema ku kazi. Bantu banacheka, banafikiri ni yangu.

Siku kamio ya mizigo ilikugonga na taksi-moto yako, ile pikipiki, ku barabara ya Likasi, telefone ilikuwa mu mufuko ya shati. Haikupata hata mukwaruzo. Wewe ulivunjika, yeye hapana. Balinipatia mu mukono, inawaka, inaonyesha saa. Nilitaka kuipiga na jiwe, Mbuyi.

Ku kilio Mama hakutoa hata chozi. Wamama ba jirani balianza kulia, akanyoosha mukono: hapana, mapasa habaliliwe, mapasa habafwe, banarudia tu. Njo vile bakubwa ba kwetu Kasai balituachia. Akabaimbisha zile nyimbo za mapasa, zile za matukano, zenye tulikuwa tunaficha nyuso juu ya haya. Baliimba matukano yote mbele ya sanduku yako na hakuna mwenye alicheka. Alikuwa amenunua shati mbili za bleu. Moja ulienda nayo. Ya pili alinivalisha mi siku ileile, na nikasimama ku malalo, pembeni ya shimo yako, nimevaa sawa na maiti. Bantu balikuwa banaogopa kuniangalia.

Kisha pale telefone yangu ilianza kugonjwa. Batri ilivimba kama mukate mu mafuta. Nilifikiri Mama atasema niende kwa fundi ninunue ingine, kumbe akatoa yako mu valise yake ya nguo, akanipatia: "Kamata ya ndugu yako. Hawezi kukunyima." Fundi Dido mwenye kibanda karibu na soko akatoa batri yako, akaingiza mu yangu. Halafu tundu ya sharji ilikufwa, akachukua yako. Halafu ilianguka ku Mashamba, ku mugodi, mi nikiwa napakia mifuko ya mawe, ekran ikapasuka. Akaweka ekran yako. Mwisho akaweka hata mufuniko yako na M yake nyuma, na mi nikaisoma kila siku nikiwa nasubiri gari ya kazi. Mama alifurahi sana. Alikuwa anasema mbele ya bantu: "Banatumika pamoja, bale batoto." Na mi, nisikudanganye, nilianza kumuamini. Nikiwa na ile kitu mu mufuko sikukuwa peke yangu.

Lakini unajua vile kazi yetu iko. Sisi ba kibarua shefu hatupigie simu. Kila jioni anatuma majina ya kesho mu groupe ya mesaje. Mwenye anaona jina yake anajibu. Mwenye hajibu, banakamata mwingine, na muntu wa kujibu haiko vigumu kumupata hapa Kolwezi. Basi, asubui moja telefone ikaandika kama ile programu ya mesaje haitatumika tena ku telefone ya aina hii. Nilimupelekea Dido. Akaiangalia juu na chini, akairudisha mu mukono yangu polepole. "Kabanga, huyu hana bugonjwa. Ni buzee. Buzee haina dawa." Nikamuuliza kama haiwezi kuchukua kitu ingine mu ile yako. Akasema mu ile yako hamuna kitu tena, umebakia mufupa.

Hivi njo nilijua ya kwamba nilikumaliza, Mbuyi. Kipande kwa kipande.

Jina yangu ilipita mu groupe mara nyingi, mi sijue. Gari ilinipita tu vile, nimesimama na gamelle yangu ya chakula, bale bengine bananiangalia kupitia dirisha. Bukari, ile ugali yetu, ilianza kupungua mu sahani ya Mama kwanza. Unamujua, anasema alikula kwa jirani. Nikamuambia: Mama, tunaweza kupata moja, tena ya kujikaza. Akajibu bila kugeuka: "Bibili ao hapana." Nilikasirika. Nilimuambia maneno mubaya, eti mwenye ile ya pili ataita nani uko chini ya udongo.  Siku ya pili akavaa kikwembe yake ya kanisa, akapanda treni kwenda kwa shangazi ku Kasaji kutafuta ya pili. Ile treni yenye inafika siku yenye inataka. Akarudia na mufuko ya unga ya muhogo. Shangazi naye anakufwa njala, alipatia chenye alikuwa nacho.

Mama alikaa na ile mufuko mbele yake siku nzima, hakuifungua.

Siku ya Mungu, kisha misa, akaniambia twende. Tukaingia mu duka mu ville, katikati ya muji. Muuzishaji akaweka telefone ku meza. Mama akasema: "Na ingine sawa na hii." Akaweka. Mama akazipanga vizuri pembeni-pembeni, akaweka mukono moja juu ya hii, mukono moja juu ya ile, sawa vile alikuwa anatutafuta usiku chini ya mushikito ya mbu kama tuko bote.  Hii haikuwa kofia, hamukukuwa makasi ya ile kazi.

Halafu akasukuma moja na kidole, polepole, mpaka ikarudia kwa mwenyewe.

"Moja," akasema. "Mi niko na mutoto mumoja."

Yule wa duka alifikiri ni mambo ya bei, akaanza: Mama, tutasikilizana. Na Mama akalia. Palepale, Mbuyi, mbele ya bantu bote, mudomo wazi, bila kujifunika. Mama mwenye alibakataza ba jirani kukulilia. Alilia kilio yako yote, yenye ilikuwa imemungojea. Nilimushika, nikaona vile amekuwa mwepesi.

Mu njia ya kurudia, wamama ba mikate balimuita na salamu ya Kasai sawa siku zote: "Mwambuyi! Mwambuyi, moyo!" Unajua vile anapenda ile jina, jina ya mama wa mapasa, hata Papa akiwa hai alikuwa anaitikia yake ya baba wa mapasa na kifua mbele. Mama akapita. Balimuita tena. Akapita tu. Hawezi kuitikia tena, na mi siwezi kumulazimisha. Mi naona ulikufwa siku ile ya duka, hapana siku ya kamio.

Sasa jina yangu naiona mu groupe. Nakwenda, napakia, narudia. Bantu banasema machine ya kupakia inakuja na sisi bote tutarudia nyumbani. Labda. Telefone ni ya mwangaza, inakimbia, inafunguka na uso. Naiangalia tu, inafunguka. Asubui moja nikafikiri kama wewe pia ungeiangalia, ingefunguka, haingejua ni nani kati yetu. Nikaweka namba ya siri, uso nikaondoa. Siwezi kila asubui.

Dido alitaka ile ya zamani ya kutoa vipande. Nilikatala. Lakini usifikiri naisharji, usifikiri naishika. Imekufwa. Iko mu valise ya Mama, pamoja na mufupa ya yako, na juu yao ile shati yangu ya bleu. Niliivaa siku moja tu, siku yako. Mama aliifua, akaipasi, akaikunja, hatukuizungumuza tena.

Lala, Mbuyi. Haiko na habari muzuri ya kufunga nayo barua, nilitafuta. Naweza kukuahidi kitu moja tu. Sina haraka, Mama bado iko, na mutoto wake ni mumoja. Lakini siku yangu ikifika, kesho ao nikiwa muzee bila meno, ile shati ya bleu sitakuwa nimeivaa ku kazi, wala ku ndoa, wala ku kanisa. Nitakuja nayo. Tutakuwa tena sawa.

Pacha yako,
Kabanga