Taa ya Jineri na Kumbikumbi wa Mama Opendi

Tororo, Uganda
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Dada Eliza, uliyenilea mgongoni,

Nakusalimu kwa jina la Yeye aliyetulinda huko milimani Taita na anayenilinda mimi huku tambarare. Goti lako limetulia? Yule mbuzi mwekundu amezaa? Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi la pamba hunishika asubuhi, nikinywa chai kinaniacha.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale unapouliza kama stima ni moto, au upepo, au ni kitu ambacho Mkristo asikiguse. Dada, kukigusa usikiguse kweli, kitakuua. Lakini si kitu kiovu. Inatoka Jinja, ambako mto umezibwa kwa ukuta mkubwa. Maji yakishuka yanazungusha mashine, na nguvu yake inatembea juu ya waya hadi huku kwetu. Mimi mwenyewe nilichimba mashimo ya nguzo, lakini siku fundi aliponiambia nibonyeze swichi, na taa ikawaka juu ya mlingoti katika uwanja wa jineri, ambako pamba huchambuliwa mbegu, nilijikuta nimevua kofia. Maji ya mbali yamekuwa mwanga. Nikasema moyoni, Mungu alikificha kitu hiki ndani ya mto tangu mwanzo, akangoja watoto wake wakue.

Tangu hapo kazi yangu ni kuitunza taa hiyo, maana marobota ya pamba hulala nje na wezi hawakosi. Magharibi nawasha, alfajiri nazima. Watu wananiita Mzee Stima, hata kanisani.

Nimepanga chumba kwa Mama Opendi, mjane wa Kipadhola, njia ya kwenda Mukuju, ng'ambo ya bonde kutoka jineri. Anaishi na wifi yake Akoth, dada wa marehemu mumewe. Hao wawili wamepika chungu kimoja tangu ujana, na utani wao ndio redio yangu. Akoth humwambia mwenzake, "Kaka yangu alikuoa gizani. Kama stima ingekuwako, hapa tungekuwa na mtu mwingine." Mama Opendi humrushia ganda la muhogo, basi, siku imekwisha vizuri.

Sasa nikueleze jambo. Huku kumbikumbi si wa kuokotwa ovyo kama kwetu. Kila kichuguu kina mwenyewe, na hurithiwa kama shamba. Mvua zikianza, mwenyewe hufyeka nyasi, huchimba shimo kando, hujenga juu yake kibanda cha vijiti na majani, na jua likizama hushika mwenge mdomoni mwa shimo. Kumbikumbi hufuata mwanga, wakatumbukia. Kwa hiyo ukiwasha moto karibu na kichuguu cha mwenzio, wewe ni mwizi, tena afadhali mwizi wa kuku. Mama Opendi anacho kimoja tu, alichoachiwa na mumewe. Kikapu cha kwanza cha kila mwaka hukipeleka kanisani kuwa sadaka, na huko hulitaja jina la mumewe.

Mwaka huu mvua ilinyesha, kumbikumbi wakatoka kama moshi, wakapaa juu wakaenda zao. Shimoni walianguka wa kujaza kiganja. Mvua ya pili, vilevile. Mama Opendi akasema Akoth ndiye mwizi, anawavuta kwa moto ili ampelekee binti yake aliyeolewa Busia. Kwa nini Akoth? Kwa kuwa jioni zote mbili alikwenda kisimani na kijinga cha moto cha kumulika njia.

Akoth alikunja mkeka wake, akajitwika, akaenda Busia kwa bintiye. Dada, nyumba ile ilipoa. Mama Opendi akaacha na kanisa, akisema hawezi kwenda mbele ya Mungu mikono mitupu na moyo mchungu.

Baada ya mvua ya kwanza nilikuta mabawa ya kumbikumbi chini ya mlingoti, nikafagia tu. Mara ya pili yalinifika vifundoni, na walinzi wa jineri walikuwa wanakaanga kumbikumbi kwenye karai, wakicheka kwamba stima inaleta na kitoweo. Nikainua macho, nikakiona kichuguu cha Mama Opendi ng'ambo ya bonde, waziwazi. Nikawaza, kama mimi nakiona kutoka hapa, basi na kumbikumbi wanaiona taa kutoka kule.

Nilikwenda kumweleza. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi.

"Mzee Stima, wewe nasema taa. Taa iko kule, ng'ambo. Moto ya wizi inakaa karibu. Wapi umeona mtu anaiba na moto ya mbali hivyo?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyewahi kuwa na moto wa mbali hivyo, Mama, mpaka mwaka huu."

Hakuamini. Maneno hayatoshi kwa jambo kama hilo, ni mpaka jicho lione. Nikamwendea meneja, Mhindi mmoja mpole, nikamwomba mvua ijayo taa isiwake mpaka kumbikumbi wamalize kutoka. Alicheka, kisha akayakumbuka marobota yake. Mwisho alikubali, walinzi wazunguke na kandili chini ya mapaa, maana naye alitaka kujua.

Nikachukua baiskeli hadi Busia. Nilimkuta Akoth anaanika samaki na bintiye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yeye hakuniuliza. Ananijua tangu zamani, na hakuniuliza." Nilimwambia tu aje aone kwa macho yake. Akasema atakuja kuangalia taa, si kuangalia mtu. Akapanda nyuma ya baiskeli.

Mvua ya tatu ilikatika saa ya magharibi, Akoth akiwa ng'ambo karibu na kichuguu cha wifi yake. Nilisimama penye swichi, mikono nyuma, meneja kando yangu, na giza likaingia. Dada, ng'ambo ya bonde mienge ikaanza kuwaka, mmoja hapa, mmoja pale, kila kichuguu na mwenyewe, kama nyota zilizoshuka kukaa chini. Niliipenda taa yangu, lakini jioni ile niliipenda pia ilipokuwa imezimika. Nikautazama mwenge wa Mama Opendi. Ulitulia mahali pamoja muda mrefu. Kisha nikasikia kicheko cha Akoth kikivuka bonde lote, kile cha kukohoa mwishoni. Meneja akauliza nini kimetokea. Nikamwambia, "Wameingia, bwana."

Baadaye niliambiwa yaliyosemwa. Shimo lilipofurika, Mama Opendi alimpa Akoth mwenge aushike, akasema, "Nilikukosea, wifi. Kaka yako alinioa kwa mwenge kama hii. Mwenge inaona ya karibu. Mimi nimeacha kuona ya karibu." Akoth akamwinulia mwenge usoni, akasema hata kwa mwanga uso ni uleule. Ndipo wakacheka.

Leo wameingia kanisani wameshika kikapu kimoja, kila mtu upande wake. Jina la marehemu limetajwa, na baada yake, bila kuniuliza, Mama Opendi akaiombea stima ya jineri ipate adabu. Meneja amekubali taa ingoje kila jioni ya kumbikumbi.

Basi ikifika stima huko kwetu, ipokeeni kwa furaha. Ila anayewasha taa amekuwa jirani wa wote wanaoiona, hata wadudu, naye aulize kwanza.

Nisalimie mjomba mfuga nyuki, shemeji mwashi, na mama mdogo wa kwaya, mwambie sauti yake naikumbuka kila Jumapili. Kifurushi kilichofungwa pamoja na barua usikitupe ukidhani ni mchwa wameingia njiani. Ni kumbikumbi wakavu wa Mama Opendi. Amesema ule na ugali, na kwamba hawa hawakuibwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Zakaria