Mtihani wa Kumwosha Mama Mkwe

Likasi

Yaya Ngoie, mkubwa wangu,

Barua hii ikufikie ukiwa mzima, wewe na wote wa nyumbani Manono. Mguu wako umepona? Na mama, kifua kinamwacha alale? Huku watoto ni wazima, mke wangu Julienne ni mzima. Mimi mwili upo lakini roho imechoka, na sitakuficha sababu.

Unajua kwamba tangu kiwanda kituachishe kazi ninahudumia wazee katika nyumba moja ya kanisa. Tunawaosha, tunawalisha, tunawageuza kitandani wasipate vidonda. Kazi hiyo sikuisomea, niliishika kwa kutazama wengine. Mwaka huu wakubwa wa nyumba wakatuambia kwamba hata mtu wa namna yangu anaweza kupimwa, na akifaulu anapewa brevet, cheti cha kazi, sawa na waliosoma. Wakatufundisha kila Jumamosi, bure. Lakini wakasema pia kwamba asiye na brevet hatagusa mzee tena, atafagia au aende zake. Yaya, niliitamani brevet ile. Nilitaka watoto waseme kwamba baba yao ana kazi yenye jina.

Sasa sikia. Kabla ya mtihani, mama mdogo wa Julienne, yule wa Kapolowe, alianguka akavunjika nyonga. Kwao hakuna wa kumwinua, basi akaletwa kwetu kazini. Kwangu mimi yule ni mama mkwe, na unajua kwetu mkwe hatazamwi wala haguswi. Mwenzangu Mama Béatrice ndiye aliyemhudumia. Mimi nikipita mlangoni niliangalia ukuta, naye alijifunika uso kwa kitenge. Béatrice akanicheka: "Papa Kyungu, kwa mukwe unapita kama mwizi wa makala ya jikoni."

Siku ya kupimwa walikuja mabwana wawili na bibi mmoja kutoka Lubumbashi. Kila mmoja wetu alionyeshwa kitanda. Mimi nikaonyeshwa cha mama mkwe. Nimwoshe mwili mzima, wao wakitazama.

Nilisimama na beseni mpaka maji yakaanza kupoa. Nikaomba wanipe mzee mwingine yeyote, hata yule anayeuma watu. Bibi akaniuliza kwa nini, nikamweleza kwa sauti ya chini. Hakushangaa, maana naye ni mtu wa huku huku. Akasema tu:

"Papa, hapa hakuna mukwe. Kuko mugonjwa."

Labda ni kweli. Lakini mikono ilikataa, Yaya. Nikaweka beseni chini, nikatoka. Wenzangu wote walifaulu. Mimi sasa ninafagia veranda na kuchota maji, na wazee niliozoea kuwalisha wananiita nikipita, siruhusiwi kuingia. Kama watu wa mtihani watarudi, hakuna anayejua.

Jana Béatrice aliniletea maneno ya mama mkwe, kwa sababu sisi wawili hatusemeshani. Alimtuma hivi:

"Mumuambie angeniosha tu. Mi nilikuwa nimeshafunga macho."

Sijamweleza Julienne. Maneno hayo ninayazungusha kichwani nikifagia.

Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na mjomba katekista asiache kutuombea. Mama usimsomee barua hii. Mwambie tu kwamba kazi bado ninayo.

Ni mimi mdogo wako,
Kyungu