Mianzi ya Mama Sekindole

Jumatatu, 16 Januari 1956
Asubuhi kwenye bustani ya miti ya serikali, kama ada. Mvua usiku kucha. Njia ya kijitoni imejaa tope. Tumezibua mfereji, mimi na Yohana seremala. Sisi wa kujitolea hatupokei ujira. Tuna kitambaa cha kijani mkononi na idhini ya kupita langoni. Changu nakipiga pasi. Mchana nimerejea barazani pangu sokoni, nikawaandikia wateja wawili maombi yao. Lugha ilikuwa safi.

Jumatano, 18 Januari
Seng'enge imefika kijitoni. Kichaka cha mianzi sasa kimo ndani ya bustani. Agemaye ulanzi, pombe ya mianzi, pale ni Mama Sekindole, mjane wa Kihesa. Mianzi ilipandwa na marehemu mumewe. Leo amezuiwa langoni. Bwana Miti, mkuu wa bustani, ametamka kwamba asiye na kitambaa haingii, na hakuna kitu kitakachotolewa.

Mama hakupiga kelele. Alibeba mbeta zake, vile vipande vya mwanzi vya kukingia utomvu, akaja barazani.

"Kamwene, mwandishi. Niandikie. Ila usirefushe, mianzi hainisubiri."

Amenieleza nisilolijua. Ncha ya mwanzi mchanga hukatwa kidogo asubuhi na jioni. Ikiachwa siku chache, kidonda hukauka, na mwanzi ule haudondoshi tena. Ulanzi ndio unaomnunulia mahindi ya mwaka.

Alhamisi, 19 Januari
Ombi limekamilika. Kurasa nne. Nimefungua kwa heshima na taadhima, nikafunga kwa unyenyekevu uliopimwa. Bwana Miti amelisoma akiwa amesimama. Hana mamlaka, amesema; lazima liende ofisi ya jimbo, Mbeya. Jibu litakuja likija.

Nimekasirika. Si kwa ajili ya Mama. Ni kwa jinsi alivyozikunja zile karatasi.

Ijumaa, 20 Januari
Mama alikuja kabla sijafungua kidau cha wino.

"Wewe si unaingia mle?"

Marehemu baba yangu alitoka pwani. Nyumbani kwetu ulanzi haujapata kuvuka kizingiti. Nimekubali kumgemea. Sababu siijui.

Yeye nje ya seng'enge, mimi ndani na kisu chake. "Nyembamba, baba. Hunyoi mbuzi." Yohana alicheka mpaka akaweka jembe chini. "Shehe amekuwa mgema!" Nimemjibu kwamba kinachodondoka alfajiri ni kitamu tu, hakijachacha, hata watoto hunywa. Akauliza, na cha jioni je? Nikainamia mwanzi uliofuata.

Mbeta nimempitishia Mama juu ya waya.

Jumanne, 24 Januari
Asubuhi na jioni, kila siku. Kifundo cha mkono kinauma. Leo nimekata mmoja kwa kina mno, ukapasuka. Mama aliona. Akageuza uso, akatazama upande wa mjini. Afadhali angenitukana.

Kanzu yangu inanuka. Msikitini jirani yangu amejisogeza. Nimehamia safu ya nyuma. Naona haya. Sitaacha.

Jumamosi, 28 Januari
Mbeya kimya. Mlinzi wa lango ameniona nikipitisha mbeta. Aliitikia salamu yangu, akaendelea kunitazama.

Nimemwambia Mama tupumzike hata siku moja. "Pumzika wewe," amesema. "Mimi nipumzike nile nini?" Jioni nimegema.

Jumatatu, 30 Januari
Nimeitwa ofisini. Nilikuwa nimeandaa utetezi: kwanza haki ya mpandaji, pili desturi ya mahali, tatu huruma. Bwana Miti aliuliza swali moja.

"Umetoa kitu bustanini, au hukutoa?"

"Nimetoa."

Utetezi wote ukaishia hapo. Nimevua kitambaa, nikakikunja, nikakiweka mezani pake. Jioni mianzi haikuguswa. Mama alisimama kwenye seng'enge mpaka giza likaingia. Yohana alikuwa ndani. Anasema hakuthubutu. Simlaumu. Namchukia kidogo.

Jumatano, 1 Februari
Jibu limefika kutoka Mbeya. Mwenye mimea iliyokuwapo kabla ya uzio aachwe aivune hadi msimu huu uishe, yeye peke yake. Basi. Msimu ujao haukutajwa. Sikuona hata kifungu kimoja kilichochotwa katika kurasa zangu.

Nimemwomba Bwana Miti anirejeshee kitambaa, kwa kuwa jambo limehalalishwa. Amesema limehalalishwa leo; mimi nilitoa kabla ya leo. Hoja yake imesimama. Ningeiandika hivyohivyo mwenyewe.

Mama aliingia na kisu. Nilibaki nje ya seng'enge, mahali alipokuwa akisimama yeye. Alipita mwanzi kwa mwanzi, akigusa ncha kwa kidole. Mingine imekauka. Mingi bado inadondosha.

"Huu umeukata vizuri," alisema, bila kugeuka. Sikuona ni upi.

Ijumaa, 3 Februari
Barazani tangu asubuhi. Mteja mmoja, shauri la mpaka wa shamba. Nilimwandikia ukurasa mmoja. Aliugeuza kutafuta mwingine, akauliza kama wino umeisha. Nikaongeza ukurasa.

Msikitini nimerudi safu yangu. Hakuna aliyejisogeza.

Jioni Mama Sekindole alipita, mbeta kichwani, akielekea bustanini.

"Kamwene."

Nikaitikia. Hakusimama. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya soko, kisha nikaingiza meza ndani.