Pedali za Mbao Chini ya Gitaa Langu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu yako tangu nilipojua kusoma, hata yale ya ndoa ambayo mama huniambia niyaruke, na leo zamu yangu imefika, naomba uniazime sikio, kwa sababu jambo langu halihusu mapenzi wala mtihani, linahusu gitaa.

Mimi ni msichana wa sekondari. Mama yangu ni fundi cherehani, na chumbani kwake redio haizimwi kuanzia mkasi wa kwanza hadi pasi ya mwisho, na humo ndimo nilimosikia, nikiwa bado mdogo wa kuokota pini sakafuni, sauti moja iliyopita nyuma ya waimbaji, ndefu, yenye kuteleza, ikipanda bila kukatika kama mtu anayelia na kutabasamu kwa pamoja, nikamuuliza mama ni nani huyo anayeimba bila maneno, akasema, "Hilo ni gitaa, mwanangu, usinipotezee pini." Mtangazaji hutaja mwimbaji, hutaja bendi, lakini mpigaji wa gitaa lile hamtaji kamwe, basi wale niliowapenda niliwapa majina mwenyewe. Yupo Pole, anayepiga noti chache kama mtu anayemfariji mfiwa. Yupo Mpandangazi, ambaye hatulii hata akiombwa. Na yupo Hodi, ninayempenda kuliko wote, kwa sababu haivamii noti, huikaribia, husimama mlangoni kidogo, kisha huingia, na akishaingia unahisi nyumba nzima imepata mgeni mwema. Ningeambiwa nichague mtu mmoja wa kumpa mkono, ningemchagua Hodi, hata kabla sijajua kwamba ni mwanamke, tena wa umri wa bibi yangu.

Siku moja niliona gazetini picha ya gitaa hilo. Halikumbatiwi kifuani kama mengine, hulala chali kama meza, mpigaji akaketi mbele yake, mkono wa kulia ukichuna nyuzi na wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu yake. Picha ilikuwa imekatwa hapo hapo, chini yake kulikuwa na tangazo la rangi za nyumba. Nikamwomba mjomba, kaka yake mama, ambaye hutunza ukumbi wa maonyesho na kutengeneza viti vyake vikivunjika, naye akanitengenezea langu kwa mlango wa kabati la zamani. Noti moja ikitakiwa kupanda huku nyingine zikibaki palepale, mimi huuvuta uzi kwa kidole cha pete, nyuma ya kile chuma. Kidole kimeota sugu, nami niliamini kila mpigaji anacho kidole kama hicho. Sisemi kwa majivuno, mshauri, lakini napiga vizuri. Nikipiga wimbo wa Hodi, mama huacha kushona.

Sasa bendi ya Hodi inakuja kwenye ukumbi wa mjomba mwisho wa mwezi. Mjomba akaniletea tangazo lao lenye picha nzima ya Hodi akiwa ameketi kwenye gitaa lake, nami nikaona kile ambacho gazeti lilikata, yaani safu ya pedali miguuni pake na vyuma vya kusukuma kwa magoti. Kumbe linaitwa gitaa la pedali! Kumbe noti hupandishwa kwa miguu! Nilicheka sana, kisha nikakosa hamu ya kula.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa maana mjomba ananipenda na mdomo wake hauna breki. Alipokuwa akizungumza kwa simu na msimamizi wa bendi kuhusu viti, mimi nikiwa nimesimama pembeni yake, alisema, "Nina mpwa wangu anapiga gitaa la pedali, miguu yake ukiiona utadhani ya fundi cherehani!" Msimamizi akafurahi, akasema Hodi anatafuta msichana wa kumfundisha wakati wa likizo, maana vijana wote wanakimbilia gitaa la kukumbatia, basi niletwe mchana, kabla ya onyesho, na gitaa langu. Mimi sikusema neno.

Nilipomkumbusha mjomba kwamba sina pedali hata moja, akachukua kifuniko cha mbao cha cherehani ya mama, akachonga tatu, akazining'iniza chini ya gitaa kwa waya. Hazivuti kitu. Nikamwambia, "Mjomba, haya si mapambo tu?" Akanijibu, "Wewe kanyaga. Nani atainama kuchungulia miguu ya mtoto wa watu?" Nimejaribu, lakini nikikanyaga nasahau kidole, nikikumbuka kidole nasahau kukanyaga. Rafiki yangu wa dawati moja anasema nijidai mgonjwa. Mama hajui lolote, anatafuta kifuniko chake.

Nikienda na pedali hizi, nimemdanganya mtu ninayemheshimu kuliko wote. Nikizitoa, mjomba ataaibika, na Hodi ataona sijui hata gitaa lake lilivyo, nami nitakosa nafasi ya kufundishwa naye. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mchuna Nyuzi wa Mlango wa Kabati

*

Binti yangu Mchuna Nyuzi,

Marahaba. Pole, na hongera, ingawa nitakugombeza kidogo kabla ya kukusaidia.

Mjomba wako alisema uongo kwa upendo, lakini wewe ulisimama pale na masikio yako mazuri ukanyamaza, kwa sababu ulichokisikia kilikupendeza. Kwa hiyo usimtwike yeye mzigo wote. Pedali zile mmezichonga wawili, yeye kwa patasi, wewe kwa kimya.

Mjomba anauliza nani atainama kuchungulia. Hakuna haja ya kuinama! Hodi amekanyaga pedali tangu mama yako hajazaliwa. Mguu wako ukishuka na sauti isipande, au sauti ikipanda na mguu umetulia, atajua kabla hujamaliza mstari wa kwanza. Hapo utakuwa umemwonyesha kitu kimoja tu, kwamba ulidhani hasikii. Na huyo ndiye mtu uliyemsikia wewe kuliko sisi sote.

Wasema ataona hujui gitaa lake lilivyo. Na kweli hujui! Angekuwa anatafuta anayejua, angetangaza kazi. Anatafuta wa kumfundisha. Miguu hufundishika. Sikio linaloweza kuitafuta sauti ya pedali kwa kidole kimoja chenye sugu, hilo, mwanangu, hata yeye hawezi kukupa. Unalo tayari.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, mwendee mjomba akiwa peke yake. Usimwite mwongo, umri wako hauruhusu na moyo wake haustahili. Mwambie, "Mjomba, nakuomba unifungulie hizo waya, nataka anione nilivyo." Kisha yeye mwenyewe ampigie msimamizi amweleze. Aibu ya simu hupita upesi kuliko aibu ya ukumbini. Mama aambiwe yote, naye aende pamoja nanyi. Na mjomba achonge kifuniko kipya cha cherehani kabla hajala tena chakula cha dada yake.

Huyo rafiki yako wa dawati mpende, ila usimsikilize.

Siku yenyewe, msalimie Hodi kwa adabu, na neno la kwanza baada ya salamu liwe hili: "Gitaa langu halina pedali, sikujua kama zipo." Usiongeze visingizio. Keti, piga wimbo wake, ule ambao mama yako akiusikia huacha kushona. Akicheka, ngoja amalize, hata wewe ulicheka. Akikuuliza unapandishaje noti, mwonyeshe kidole. Akikukataa, utarudi nyumbani ukiwa umempa mkono mtu uliyemchagua duniani, na mkono wenyewe utakuwa safi. Lakini mimi nimesoma barua yako mara mbili, na sidhani kama atakukataa.

Usisahau kumwambia jina ulilompa. Mtu aliyepiga maisha yake yote bila kutajwa redioni anastahili kulisikia.

Mlango unao tayari, utaubeba kwapani. Kilichobaki ni kubisha hodi.