Birika na Bustani ya Kifusi

Malindi, Mjini,
Unguja.
Jumapili, 5 Desemba 1971

Mpendwa Shangazi Tabia,

Shikamoo. Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Haya nitakayokueleza yabaki baina yako na mimi na Mwenyezi Mungu. Usimsomee jirani, wala usiiweke barua chini ya godoro wanakofika wajukuu. Ukishaisoma itie motoni. Sikuua mtu wala sikuiba, usiingiwe na hofu. Ila kuna mtu amenitendea wema, na wema huo ukijulikana tutaulizwa sote wawili, na mimi kwa maswali unanijua, hutetemeka hata nikiwa sina kosa. Safari hii ninalo.

Sasa nakuamkia vizuri. Hujambo, Shangazi? Mguu unaendeleaje tangu mvua kuanza huko Tanga? Na Mzee Mjaka, kifua kinamwacha alale? Sisi wazima, alhamdulillahi. Idi ilipita kwa salama, ingawa mchele ulikuwa wa kupimiwa na siku ya pili tulirudi kwenye muhogo. Mke wangu Time na mtoto hawajambo. Wanu ametimiza miezi mitano, ameshaanza kucheka peke yake akiutazama mpapai.

Najua utauliza, mpapai gani? Ulipokuja mara ya mwisho ua wetu ulikuwa sakafu tupu. Mwaka jana wakati wa masika ukuta wa lile jiko la zamani ulianguka, ukatujazia mawe na chokaa mpaka karibu na mlango. Nikaandika maombi kifusi kiondolewe. Sikujibiwa, nikaogopa kuandika mara ya pili.

Mwezi wa Juni alikuja mama mkwe wangu, Bi Mwamvua, kutoka Makunduchi, kumlea Time uzazi wake. Asubuhi ya kwanza alisimama uani na kikombe cha chai mkononi, akakiangalia kile kifusi kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mnalo shamba, mbona hamkunambia?" Nilidhani ananikejeli. Kumbe kwao ndivyo wanavyolima. Ardhi yao ni mawe matupu, udongo haufiki kiganja, basi mtu hutafuta shimo baina ya jiwe na jiwe, akalijaza majani na jivu na mabaki ya jikoni, akaliacha liive, ndipo akapanda. Jiwe halimuudhi, anasema linamwekea unyevu.

Tangu siku ile hatutupi kitu, Shangazi. Maganda ya muhogo, majani ya chai, mifupa ya samaki iliyopondwa, vumbi la kufagia, vyote vina shimo lao, na kila tabaka hufunikwa jivu na majani makavu. Makumbi ya nazi tuliyokuwa tukiyachoma kila Ijumaa sasa yamelazwa juu ya mizizi, na ule moshi uliokuwa ukimkohoza Time haupo tena. Maji ya udhu na ya kuoshea mchele yanakwenda kwenye mabamia. Gari la taka likipita, dereva hutuuliza kama tumehama.

Kisha akaligundua birika, tangi la kale la maji ya mvua. Lilikuwa chini ya sakafu ya ua, limejaa takataka za miaka, na sisi tulikuwa tukitandika mkeka juu ya mfuniko wake bila kujua. Tulilisafisha wiki mbili, mimi kila nikitoka kazini, tukalipaka chokaa, tukautengeneza mlizamu wa darini uteremshe maji ya mvua humo. Mvua tatu za vuli zililifikisha nusu. Time hasimami tena kwenye bomba la mtaa na mtoto mgongoni akisubiri maji yanayotoka saa mbili kwa siku. Tungule, hizo wengine wanazoziita nyanya, zilichanua. Nilianza kurudi nyumbani kwa haraka, jambo ambalo sikuwa nalo kabla.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ofisini kwetu, kwenye idara ya afya, kuna kijitabu cha mambo ya kilimo ambacho sijui kilifikaje. Nilisoma humo kwamba samaki ni mbolea yenye nguvu kuliko zote. Nikatamani tungule ziive kabla mama mkwe hajarudi kwao, aone kuwa binti yake hakuolewa na mtu wa makaratasi tu. Siku ya tatu ya Idi nilikwenda diko, wanakoshusha samaki, alfajiri, nikapewa bure mapakacha mawili ya vichwa na matumbo ya nguru. Nikavimwaga juu ya shimo kubwa nyuma ya mpapai, nikatupia majani kidogo, nikaenda kazini. Sikumwambia mtu.

Unalijua jua la Novemba, Shangazi. Siku ya pili nzi walikuwa wanaingia mpaka kwenye chandarua cha mtoto. Anayekaa juu yetu ni Bi Shemsa, mjane, mtu msafi ambaye hata ngazi huzipiga deki mara mbili. Alifungua dirisha, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia:

"Enyi watu wa chini! Hii nyumba au zizi? Shamba halimtoki mtu!"

Mama mkwe akamjibu bila hata kuinua kichwa, "Na njaa je, bibi, inamtoka?"

"Heri njaa kuliko uvundo! Kalime kwenu huko kwenye mawe, hapa wanakaa watu!"

"Nami hapa nimo kwenye mawe. Ukuta wa nani huu ulioanguka?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na viatu mkononi. Nilimsikia mama wa mke wangu akitukanwa kwa kosa langu, nikavaa viatu, nikatoka kwa mlango wa mbele. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote yaliyofuata.

Ijumaa ya wiki ile mashitaka yalifika mezani pangu, maana kazi yangu ni kupokea malalamiko ya mji na kupiga taipu amri zinazotoka. Niliifungua bahasha nikaona namba ya nyumba yetu. Uvundo, nzi, na birika la maji yaliyolala linalozalisha mbu. Mwenye kulalamika anaomba taka zote ziondolewe na birika lizibwe. Ilikuwa na saini ya Bi Shemsa, na kwa haki kila neno kuhusu uvundo lilikuwa kweli.

Shangazi, niliificha. Niliitia chini ya karatasi za kaboni kwenye mtoto wa meza, nikaufunga. Unajua siku hizi mtu akificha karatasi ya serikali anaweza kuitwa nani. Siku nne sikula chakula kikanishuka. Kila mlango ulipofunguliwa nilijua wamekuja.

Jumatatu jioni mama mkwe alinikuta uani nikichimbua yale matumbo kwa mikono. Nilianza kumweleza kwa kuzunguka. Akaniacha nihangaike, kisha akasema:

"Mwanangu, mimi nshajua tangu siku ya kwanza. Sisi tumekula nguru lini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema, "Nilikuwa nnangoja uote." Akachukua jembe, tukalifukua shimo pamoja mpaka likafika kina cha mkono mzima, tukafukia kila kitu na jivu juu yake. Alipomaliza akanambia mbolea yangu si mbaya, mbaya ni haraka yangu. Nikamweleza na habari ya karatasi. Hapo hakucheka. Alisema ningojee kuche, nikaitoe mwenyewe kabla haijatolewa na mwingine.

Jumanne niliingia kwa mkuu wangu, Bwana Muhiddin, ambaye kwa miaka mitatu nimemsikia akicheka mara moja tu. Niliiweka karatasi mezani pake nikamwambia yote. Aliisoma mara mbili.

"Shaame, karatasi ya serikali si leso ya kuwekwa mfukoni."

"Naam, bwana."

"Kaa kwenye mashine. Piga amri ya ukaguzi, nakala tatu. Jina la mkaazi?"

"Mimi, bwana."

"Mimi ndilo jina gani?"

Nikalipiga jina langu kamili, na vidole vilikosea herufi mara nne. Alipotia saini akachukua muhuri wa kupokelea, akaitazama kalenda, akaigonga barua ya Bi Shemsa kwa tarehe ya siku ile, Jumanne. Kwa muhuri ule ikawa barua imefika siku ile, na zile siku nne hazikuwahi kuwapo. Huo ndio wema niliokuambia, na ndiyo sababu barua hii lazima iungue.

Alhamisi alikuja mwenyewe. Alizunguka bustani akiinua makumbi kwa ncha ya mwavuli, akanusa, akatafuta nzi. Kisha akatoa mfukoni kioo kidogo cha kunyolea, akalidaka jua nacho, akaurusha mwanga ndani ya birika mpaka tukaona sakafu yake. Nilikuwa najua kanuni kwa moyo, maana nimezipiga taipu mwenyewe, akiona viluwiluwi vya mbu ni kuziba. Mwanga ukatembea polepole. Pakapita visamaki viwili, vidogo kama ukucha.

"Hivi vimetoka wapi?" akauliza.

"Kisimani kwetu Makunduchi," akajibu mama mkwe. "Nilivifuata na mtungi, kwa basi, birika lilipopata maji. Vinakula vitoto vya mbu."

"Nani alikufundisha?"

"Kiu, bwana."

Bi Shemsa alikuwa ameshashuka, amejiziba pua kwa upande wa kanga ingawa hapakuwa na harufu tena. Akaanza kueleza jinsi mama wa shamba alivyoleta uchafu mjini. Nikaona mama mkwe hanitaji, kama ambavyo hakunitaja siku zote zile, na miguu yangu ikataka kunipeleka mlangoni. Sikwenda. Nilisema mbele yao wote, "Vichwa vya samaki nilivileta mimi, Bi Shemsa. Mama hana kosa, na nilikuacha umtukane huku nikikusikia. Nisameheni nyote wawili."

Alishusha kanga akanitazama kuanzia viatu. "Kumbe karani! Na mashati yako meupe yale!" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na mama mkwe naye akacheka, na mimi nilikuwa kama mtu aliyetua gunia. Bwana Muhiddin peke yake alibaki anaandika.

Hukumu yake ni hii. Bustani ibaki. Samaki hawatakuwa mbolea tena ila kwa kuzikwa mkono mzima. Mimi nimetiwa onyo kwenye faili, na nimelistahiki. Lakini birika ameliwekea sharti: mdomo wake na ncha ya mlizamu vifungwe wavu mwembamba asioupenya mbu, kwa sababu visamaki vinaweza kufa na mtu asijue. Atarudi Jumatatu, tarehe tatu Januari, na asipouona wavu birika litazibwa. Nilimwomba wiki moja zaidi. Akasema, "Kuziba ni kuziba, Shaame," na kile kifusi chetu ndicho kitakachotumika.

Na wavu huo Unguja haupo. Nimepita maduka yote ya Darajani, nimepata wa kuku tu, ambao mbu atapita na ndugu zake. Kitambaa amekikataa, kwa kuwa huoza na paka hukitoboa. Kaskazi inakuja, miezi miwili bila tone la mvua. Birika likizibwa Time atarudi kwenye foleni ya bomba na mtoto mgongoni, na bustani haitafika Februari.

Hata hivyo, Shangazi, nina matumaini ambayo sikuwa nayo mwaka jana. Juzi asubuhi nilisikia kitu kikigonga ukuta. Ni kikapu cha Bi Shemsa, kile anachokiteremsha kwa kamba kununulia mkate kwa wapita njia. Ndani yake mlikuwa na maganda ya ndizi na ya viazi, yamekatwa vipande vidogo, safi kama ya mgonjwa. Mama mkwe akayatoa, akatia fungu la mchicha. Kikapu kikapanda. Jana kimeshuka tena.

Basi ninachokuomba ni yadi mbili za wavu mwembamba wa shaba, ule wa kuzuia mbu madirishani. Madukani kwenu Ngamiani uliwahi kunambia upo. Ukikosa wa shaba hata wa plastiki utafaa.

Nisalimie sana Mzee Mjaka, mwambie mafuta ya karafuu ya kuchulia kifua nitamtafutia. Nisalimie Borafya na mkewe, na watoto wote kwa majina yao. Time anakubusu mkono, na Bi Mwamvua anakuambia ukija ulete kisu chako, mchicha ni mwingi. Mungu akuponye mguu, aibariki nyumba yako na kila kinachoota kando yake.

Sasa sikiliza kwa makini namna ya kunipata. Usiandike kwa anwani ya ofisini, bahasha zote za pale hufunguliwa, na mfunguaji si mimi peke yangu. Mpe mzigo Mzee Usi, mpishi wa chombo kinachotoka Tanga na kufunga Malindi kila Jumanne. Usimpe baharia mwingine. Ndani ya wavu weka risiti ya duka yenye jina lako, ili akisimamishwa forodhani isisemwe ni magendo. Usitie barua humo, wavu wenyewe utakuwa jawabu. Chombo cha tarehe ishirini na nane ndicho cha mwisho kitakachotufaa. Akishuka asinitafute mimi, nitakuwa kazini, wala asiulize nyumba ya karani. Aulize kwa Bi Mwamvua wa bustani. Mtaa mzima utamwonyesha.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukutegemea,
Shaame